Somo: Kununua nanga ya boti Dar, na kukagua kazi ya fundi

Kabla hujatoa hela, jiulize chini kuna nini pale unapotia nanga. Kandokando ya visiwa vya Mbudya na Bongoyo kuna mchanga na matumbawe. Ukiingia Mto Mzinga ni tope la mikoko. Nanga ya makucha manne, ile ya nondo, ni ya mwambani. Mchangani inakwangua tu kama reki, nawe unaamka boti iko kwingine.

Mchangani na topeni chukua nanga ya jembe, yenye ncha kama ya plau, mfano CQR aliyoibuni Mwingereza Geoffrey Taylor mwaka 1933, au Danforth yenye mabapa mawili yanayocheza. Danforth ni nyepesi na ikizama inashika kwelikweli. Ubaya wake ni pale mkondo unapogeuka: inaweza kung'oka, na jiwe likikwama kwenye mabapa haizami tena. Kwa boti inayolala majini, ambako maji hugeuka kila baada ya saa sita hivi, mimi nasema jembe. Boti ya faiba ya mita 6 au 7, kilo 10 zinatosha.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaongeza kilo za nanga na kubania mnyororo. Nanga inashika ikivutwa kwa ulalo. Ikivutwa kwenda juu inang'oka, hata iwe ya kilo 20. Kazi ya mnyororo ni kulaza mvuto huo. Nunua wa milimita 8, urefu usiopungua urefu wa boti yako, kisha unga kamba.

Hesabu ya amari, yaani urefu wa mnyororo na kamba utakaoachia: kina wakati wa maji kupwa, mita 4. Jumlisha mita 3.5 za bamvua, yale maji makubwa ya kujaa, na mita 1 kutoka majini hadi omo, mbele ya boti. Jumla 8.5. Zidisha kwa 5 siku ya shwari, upate kama mita 43. Kusi ikivuma zidisha kwa 7, karibu mita 60. Aliyepima wakati wa kupwa akasahau bamvua, maji yakijaa nanga yake inaning'inia.

Ukichongesha ya nondo Gerezani, simama na fundi. Nondo ya milimita 16, vipande vinne vya sentimita 80: sentimita 55 ni mti, ile sehemu iliyonyooka, 25 ni kucha. Hiyo ni mita 3.2, kama kilo 5. Kona zikunjwe kwa moto, ncha zigongwe ziwe bapa. Mti uchomelewe juu, katikati na shingoni, pale makucha yanapoanzia. Anayegusagusa kwa nukta mbili tatu amekuuzia kuni. Pete ichomelewe mzunguko mzima. Gonga kwa nyundo: weldi iliyoshika inalia, iliyopasuka inakoroma.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, kuna nanga inang'aa, bei poa. Nitajuaje kama ni zinki au rangi?
Ikwangue kwa ufunguo. Rangi ya fedha inabanduka magamba. Zinki ya kuchovya ni kijivu, ina vitone vilivyoganda kwenye pembe, na utaikuta hadi ndani ya matundu. Kiwandani nanga huchomelewa kwanza, kisha huchovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, nyuzi 450 hivi. Kwa hiyo usimpe fundi aongeze pete baadaye: zinki inaungua pale, kutu inaanzia hapohapo, na moshi wake unamletea homa.

Ya makucha inaninasa mwambani, nimeshakata kamba mara mbili. Nifanyeje?
Funga mnyororo chini, shingoni penye makucha, siyo kwenye pete. Kisha upandishe hadi kwenye pete uufunge kwa uzi mwembamba. Ikinasa, vuta kwa nguvu: uzi unakatika, nanga inavutwa kinyumenyume na kutoka. Kwa kulala usiku usiifunge hivyo, uzi ukikatika umekwenda. Na visiwani tafuta mchanga, ile ni hifadhi. Tumbawe ulilovunja halikui mwaka huu wala ujao.

Kamba ya plastiki ya njano je? Ni rahisi.
Inaelea, propela itaila. Tena haivutiki, kila wimbi linaishtua nanga. Nailoni ya milimita 12. Na pini ya pingu, kile chuma kinachounga mnyororo na nanga, ifunge kwa waya usioshika kutu. Ule laini wa kufungia nondo unaliwa na chumvi upesi, pini inajifungua yenyewe huko chini.