Bustani ya majira ya kuchipua Louisville: pima joto la udongo kabla ya kumwaga mbegu

Jua la Machi hapa Louisville, jimbo la Kentucky, linawaponza wakulima wengi waliotoka Kivu, Katanga, Kigoma au Bujumbura. Siku tatu mfululizo hali inakuwa nzuri, watu wanavua makoti, na mtu aliyelima maisha yake yote anashindwa kujizuia. Anatoa jembe, anamwaga lengalenga (mchicha), anafukia maharage. Wiki mbili baadaye hakuna cha maana kilichoota. Maharage yameoza ardhini, na lengalenga chache zilizojitokeza zimebabuka usiku mmoja. Mbegu haikuwa na kasoro, wala mkono wa mkulima. Kule nyumbani tulisubiri mvua. Hapa mvua hunyesha karibu mwaka mzima, kwa hiyo kinachotoa ruhusa ya kupanda ni joto la udongo.

Joto la hewa linadanganya. Mwaka 2007 Machi ilikuwa ya joto kupita kawaida, miti ikachanua mapema, kisha wiki ya Pasaka, mwanzoni mwa Aprili, ikaja baridi kali iliyoua maua ya matunda na mimea michanga katika jimbo zima na majimbo jirani. Katika mwaka wa kawaida jalidi, yaani ule umande unaoganda usiku na kuunguza majani, hukoma Louisville kati ya katikati na mwisho wa Aprili, lakini kuna miaka inarudi Mei. Bonde lililo chini hupata jalidi hata pale mtaa wa juu umesalimika, maana hewa baridi huteremka na kutuama.

Basi nunua kipimajoto cha udongo. Hata kile cha jikoni cha kupimia nyama kinafaa. Kichomeke ardhini sentimita 10 asubuhi, kabla jua halijapiga, na urudie siku kadhaa. Ukiona udongo umefika nyuzi 10 za Selsiasi (50 za Farenhaiti), mahindi yanaweza kuanza kuota, ingawa polepole. Maharage yanataka 16 (60 za Farenhaiti). Lengalenga na matembele yanataka udongo wa nyuzi 18 hadi 21 ndipo yakue bila kudumaa.

Hii haina maana kwamba Machi na Aprili ni miezi ya kukaa bure. Hapo ndipo ninapoona hasara kubwa zaidi: watu wanaopanda mapema wanapoteza mbegu, lakini wanaosubiri Mei kwa kila kitu wanapoteza miezi miwili mizuri ya mboga. Njegere, viazi mviringo, spinachi, saladi, karoti, kabichi na sukuma wiki hupenda ubaridi. Wenyeji wa hapa wana desturi ya kupanda njegere na viazi karibu na tarehe 17 Machi, na desturi hiyo ina mantiki, ila udongo uwe umekauka kiasi. Sukuma wiki, ambayo pakiti zake zimeandikwa "collards", ndiyo rafiki yenu mkubwa. Mche wake uliozoeshwa nje unastahimili jalidi nyepesi, na majani yaliyopigwa na baridi huwa matamu zaidi. Mkinunua miche dukani chagueni midogo. Mche wenye shina nene kama penseli ukikaa kwenye baridi kwa wiki kadhaa unaweza kutoa maua kabla hujala majani ya kutosha.

Vitunguu vinahitaji neno la ziada. Kitunguu huanza kutunga tunguu kulingana na urefu wa mchana. Karibu na Ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka wote, na mbegu zilizozoeleka huko ni za siku fupi. Louisville mchana wa mwishoni mwa Juni unakaribia saa 15. Mbegu ya siku fupi ikipandwa hapa majira ya kuchipua inatunga mapema mno, mmea ukiwa bado mdogo, nanyi mnavuna vitunguu vya ukubwa wa gololi. Ombeni aina za siku ndefu au za kati. Urefu huohuo wa mchana unaleta shida kwenye mbaazi za kienyeji, ambazo husubiri siku zipungue ndipo zitoe maua, na Oktoba jalidi inazikuta bado changa. Mahindi ya kwetu mengi nayo hurefuka sana na kuchelewa kubeba. Tafuteni mahindi ya shambani yanayokomaa mapema. Yale matamu yanayouzwa sana hapa hayatawapa ladha ya gunzi la kuchoma mliyoizoea.

Kuna jambo la sheria hapo pia. Mbegu kutoka nje ya Marekani zinahitaji hati ya afya ya mimea. Zikikutwa kwenye mzigo bila hati, zinachukuliwa. Habari njema ni kwamba kadi ya EBT ya mpango wa SNAP, ule msaada wa chakula wa serikali, inaruhusiwa kununulia mbegu na miche ya chakula katika duka linalopokea kadi hiyo. Familia nyingi hazijui, na pakiti moja ya sukuma wiki inalisha nyumba miezi mingi.

Udongo wa Louisville katika viwanja vingi una mfinyanzi mwingi. Ukiulima ukiwa umelowa, unafanya mabonge magumu ambayo hayataachia hadi mwaka ujao. Chukua kiganja cha udongo, kikande kiwe donge, kisha kibonyeze kwa kidole gumba. Kikivunjika, ingia na jembe. Kikibaki kimeshikamana kama udongo wa kufinyangia chungu, rudi nyumbani. Matuta yaliyoinuliwa, tuliyoyajua toka utoto, yanasaidia sana hapa kwa sababu hukauka na kupata joto mapema.

Kwa wanaolima nyuma ya nyumba za zamani, naomba mnisikilize kwa makini hasa kama mna watoto wadogo. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika makazi ya Marekani mwaka 1978. Nyumba zilizojengwa kabla ya hapo huenda zimemwaga chembe za rangi hiyo chini ya kuta kwa miaka mingi, na risasi haiondoki udongoni. Huharibu ubongo wa mtoto, na mtoto huila kwa kutia mkono wenye udongo mdomoni. Kila kaunti ya Kentucky ina ofisi ya ugani ya chuo kikuu cha jimbo. Pelekeni udongo upimwe, na mseme wazi kwamba mnataka kujua kuhusu risasi, kwa kuwa kipimo cha kawaida hutazama uchachu na rutuba tu. Majibu yakichelewa, limeni mbali na kuta, ndani ya boksi la mbao lililojazwa udongo safi kutoka nje.

Sasa samadi. Kentucky ni nchi ya farasi, na wenye mazizi hutoa samadi bure kwa anayekuja na gari. Ni baraka, lakini ina mtego. Baadhi ya malisho na majani makavu ya farasi yamepuliziwa dawa za kuua magugu ambazo hupita tumboni mwa mnyama bila kuvunjika, zikabaki hai ndani ya samadi hata ikiwa imeoza vizuri. Nyasi na mahindi hayadhuriki. Maharage, njegere, nyanya na viazi huharibika kabisa: majani machanga hujikunja kama kikombe, ncha hupinda, mmea unakaa hivyo bila kukua. Mkulima anadhani ni ugonjwa na anahangaika na dawa.

Kinga yake ni rahisi. Kabla ya kumwaga samadi bustanini, chukua makopo sita. Matatu jaza udongo wa dukani uliochanganywa na samadi hiyo nusu kwa nusu, matatu udongo wa dukani mtupu. Panda maharage matatu katika kila kopo na uyaweke dirishani penye jua. Ukifika wakati yana majani matatu matatu ya kweli, linganisha. Majani ya samadi yakiwa bapa na laini sawa na ya upande wa pili, una mali. Yakijikunja, hiyo samadi usiitie kwenye mboga. Jaribio linachukua kama wiki tatu, kwa hiyo lianze Machi. Tena samadi mbichi isikaribie mboga zinazogusa ardhi, kama karoti na saladi, ikiwa zimebaki chini ya siku 120 kuvuna, kwa ajili ya vijidudu vya tumbo.

Wakati huohuo miche ya nyanya na nyanya chungu inalelewa ndani. Nyanya inahitaji wiki 6 hadi 8 kabla ya kutoka, nyanya chungu 8 hadi 10. Mwanga wa dirisha pekee haujitoshelezi. Miche inarefuka, inakuwa myembamba, na kulala. Taa ya kawaida ya LED ikiwa sentimita chache juu ya majani, ikiwaka saa 14 hadi 16 kwa siku, inatoa mche mfupi wenye shina imara. Kabla ya kupandikiza, izoesheni kwa siku 7 hadi 10: muda wa saa mbili kivulini siku ya kwanza, ikiongezwa kidogo kidogo hadi ilale nje.

Wenyeji wengi husubiri mbio za farasi za Kentucky Derby, Jumamosi ya kwanza ya Mei, ndipo watoe nyanya nje. Ni kipimo kizuri kwa nyanya na maharage. Matembele, nyanya chungu na ngai-ngai (mboga ya majani machachu, jamii ya rosela) ziongezeeni wiki moja au mbili. Marando ya matembele yakipandwa kwenye udongo baridi hukaa tu, yakanyauka.

Lengalenga imwageni katikati ya Mei. Mbegu ni ndogo mno, changanyeni na mchanga mkavu zisambae sawa, zifukieni juu juu tu, mwagilieni kwa kopo lenye matundu. Ikifika kiganja kimoja punguzeni. Inayong'olewa ni mboga ya siku hiyo. Zinazobaki mkizikata huchipua tena. Mwageni nyingine kila baada ya wiki tatu hadi Agosti, na kateni kabla hazijatoa mbegu. Kwenye bustani za pamoja wekeni kibao chenye jina la mmea, kwa sababu Wamarekani wengi huihesabu lengalenga kama gugu na mtu mwenye nia njema anaweza kuwang'olea tuta zima.

Nyanya chungu ina adui anayefika mapema: kijidudu cheusi kidogo kama punje ya haradali, kinachoruka ukikikaribia na kuacha majani yana matundu madogo madogo kama yamepigwa sindano. Mche mchanga hauvumilii. Funikeni tuta kwa kile kitambaa cheupe chepesi cha bustani siku ileile ya kupandikiza, kingo zote zifukiwe kwa udongo, na mkiondoe maua yakianza ili nyuki waingie. Wakati huo mmea umeshapata nguvu ya kuvumilia matundu machache.