Jinsi ya kumpa mwenzako matembezi yako: kwa mahujaji wa Malindi tunaosubiri Namugongo

Mama mmoja wa jumuiya yetu alinipigia simu saa kumi jioni. Alikuwa amesimama ufukweni upande wa Silversand, maji yamemfika magotini, ukuta wa nyumba ya watu nyuma yake. "Mwanangu, hii njia yako imeingia baharini."

Njia ilikuwa ya kweli. Siku mbili kabla nilikuwa nimeipita mwenyewe kwa miguu yangu, mchanga mkavu na mgumu, nikairekodi kwenye simu na kumtumia faili. Nilichosahau kumwambia ni kwamba mimi nilipita saa tatu asubuhi, maji yakipwa. Alipanda ngazi za ukuta akatokea barabarani, sketi imelowa, na mpaka leo akiniona kanisani ananiuliza kama nimeshajua bahari iko wapi.

Kwa wasiotujua: sisi ni kundi dogo la hapa Malindi, na kila mwaka tunajaribu kufika Namugongo, Uganda, kabla ya tarehe 3 Juni, sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, Wakristo waliouawa kwa ajili ya imani yao. Basi hutufikisha Busia. Kutoka mpakani ni miguu: Bugiri, Iganga, Jinja, daraja la Nile, msitu wa Mabira, Lugazi, Mukono. Ni karibu kilomita 200, nasi hutumia siku nane. Baada ya hapo ni miezi kumi na moja ya kungoja, na hapo ndipo makundi mengi hufa. Mmoja wetu anakaanga mahamri alfajiri, mwingine anaendesha tuktuk usiku, mwingine ni mwalimu. Kutembea pamoja kila wiki haiwezekani. Tunachofanya ni kupeana matembezi: mmoja anatembea Jumamosi, anarekodi, anatuma, na mwingine anaipita njia ileile Jumanne kwa nafasi yake.

Nimewaonyesha wanne mmoja mmoja jinsi ya kufanya hivi. Wa tano alipoomba, nikaona niandike.

Hatua ya 1: Chagua njia

Iwe njia ambayo mtu mwingine anaweza kuianza bila wewe. Viatu, maji na kofia hayo unayajua.

Kwa Malindi mimi nina nne: ufukweni kutoka mnara wa Vasco da Gama kwenda kusini hadi lango la hifadhi ya bahari (hii ndiyo njia ya Silversand), barabara ya kaskazini hadi daraja la Sabaki na kurudi, ileile ikiendelea hadi Mambrui, na barabara ya Gede kwa siku ndefu, ambayo ni kilomita 16 kwenda tu. Zote ni tambarare, na hilo ni tatizo, maana barabara ya Jinja kwenda Mukono inapanda na kushuka mpaka magoti yanasema. Kilima chetu ni Marafa, kule Nyari. Ukipata gari la kukufikisha, shuka bondeni asubuhi kabla jua halijachoma, upande, ushuke tena. Msitu wa Arabuko-Sokoke siuweki kwenye orodha ya kutembea peke yako. Una ndovu. Nenda na askari wa msitu.

Hatua ya 2: Programu

Anayerekodi aweke OsmAnd. Anayepokea aweke Organic Maps, ni nyepesi na haina mambo mengi. Zote mbili hutumia ramani za OpenStreetMap, na unaweza kupakua ramani ya Kenya nzima ukiwa kwenye Wi-Fi, kisha usihitaji bando njiani. Pakua na ya Uganda mapema, usingoje uko Busia.

Najua wengine mnapenda Strava. Mimi siipendi kwa kazi hii. Inakuonyesha nani kakimbia zaidi, na wiki mbili baadaye watu wazima wanaanza kushindana kufika Sabaki kana kwamba kuna kombe. Mwenye kuipenda aitumie, lakini kwenye kundi atume faili.

Kingine: usitume picha ya skrini. Picha ya ramani yenye mstari mwekundu na "km 12.4" ni majigambo. Huwezi kuifuata.

Hatua ya 3: Rekodi (soma yote, tafadhali)

Kwenye OsmAnd kirekodi hakiji kimewashwa. Nenda kwenye orodha ya viongezi (plugins), washa cha kurekodi safari, kitufe kitatokea kwenye ramani. Weka kipimo kiwe kila sekunde 10, kwa mtembea kwa miguu inatosha. Simama mahali peupe dakika mbili tatu mpaka alama yako itulie, ndipo uanze. Satelaiti hazitumii bando wala salio. Kuna mzee alinikatalia jambo hili wiki nzima.

Sasa lile lililonila usiku mzima. Mara ya kwanza kwenda Mambrui nilitoka saa kumi na moja alfajiri, nikabonyeza kurekodi, nikazima skrini, simu mfukoni. Nilitembea vizuri, nikavuka daraja, nikafika nikanywa chai. Kufungua simu, naona mstari mmoja ulionyooka kutoka mjini hadi Mambrui, kana kwamba nimeruka kama shakwe. Nukta mbili tu: nilipoanza na nilipofungua. Usiku ule nililaumu satelaiti, nikafuta programu nikaiweka tena, nikazima na kuwasha simu, nikazunguka nyumba saa sita usiku mpaka mbwa wa jirani wakachoka kunibwekea.

Kosa lilikuwa simu yenyewe. Ili kuokoa betri, simu nyingi za bei yetu huilaza programu yoyote ambayo huioni kwenye skrini. Ukizima skrini, kirekodi kinalala. Dawa yake haiko mahali pamoja, na ndiyo maana inachosha:

Kwanza, kwenye mipangilio ya programu, ruhusa ya kujua mahali ulipo iwe ya wakati wote, isiwe ya pale tu unapoitumia. Pili, palepale, tafuta betri, uchague isiwekewe kikomo. Tatu, zima hali ya kuokoa betri ya simu nzima. Hii watu husahau, kwa sababu wengine huiwasha tangu siku waliyonunua simu na hawajui kuwa imewaka. Nne, fungua orodha ya programu zilizo wazi na uifungie OsmAnd kwa alama ya kufuli, kama simu yako inayo. Na uache ile tabia ya kufagia programu zote kila dakika tano "ili simu iwe nyepesi". Ukifagia, umefagia na safari.

Tano, na hii ndiyo iliyokuwa imenificha: simu nyingine zina msimamizi wa pili, programu ya kiwanda ya kusafisha simu, yenye orodha yake yenyewe ya nani alale na nani asilale. Unaweza kurekebisha yote manne ya juu na huyu akazima bado. Ifungue, tafuta sehemu ya betri au ya programu kujiwasha, uiruhusu OsmAnd na hapo. Sita, simu ikipata toleo jipya la mfumo, rudi uangalie tena. Kwangu mipangilio imewahi kurudi ilivyokuwa bila kuniuliza.

Usiniamini mimi wala simu. Jaribu. Washa kurekodi, zima skrini, zunguka mtaa dakika kumi ukikata kona kwa makusudi. Rudi uangalie. Kama mstari umekata kona ulizokata, uko tayari. Kama umenyooka, kuna mahali bado hujafika.

Mambo madogo ya hapa hapa. Ukipumzika chini ya mwembe au kwenye banda, simamisha kurekodi, kwa sababu ukikaa alama huhangaika huku na kule na kukuongezea mita ambazo hukutembea. Kuweka simu katika hali ya ndegeni huokoa betri sana, na kwenye simu nyingi kurekodi huendelea, ila hakuna atakayekupata ukianguka. Mimi siifanyi nikiwa peke yangu. Na ukiona simu inakwambia uko chini ya usawa wa bahari ilhali umesimama sokoni, usishtuke. Satelaiti hupima urefu kutoka umbo la dunia lililochorwa kwa hesabu, na pwani yetu bahari halisi iko chini ya umbo hilo. Programu nyingine hurekebisha, nyingine hazirekebishi.

Hatua ya 4: Kata mwanzo na mwisho

Faili la GPX, yaani lile faili la njia uliyorekodi, lina kila nukta na saa yake. Maana yake, ukianza kurekodi mlangoni kwako, umewaambia watu sitini wa kundi unakoishi na saa unayotoka. Kina mama, hili hasa. Njia rahisi kuliko kuhariri ni kuanza kurekodi mahali pa watu wote: kanisani, kwenye mnara, stendi. Zima hapohapo ukirudi.

Ukitaka mtu akufuatilie ukiwa njiani, WhatsApp ina mahali pa moja kwa moja kwa dakika 15, saa moja au saa nane. Mtumie mtu mmoja unayemwamini. Kundi zima halina haja.

Hatua ya 5: Andika saa ya maji

Kama njia yako inagusa mchanga, faili peke yake ni mtego. Mstari ni uleule, ufukwe si uleule.

Kwa asiye mvuvi, hesabu ni hii. Wakati wa bamvua, yaani mwezi mchanga na mwezi mpevu, hapa kwetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kukauka mnamo saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata, saa husogea mbele kama dakika 50. Wakati wa maji mafu, katikati ya bamvua mbili, bahari haikauki sana wala haijai sana, na saa zimegeuka: kukauka kunaangukia jioni. Bamvua kubwa, tofauti ya maji kujaa na kukauka pwani yetu hukaribia mita 4. Kwenye ufukwe wenye kuta, hiyo ndiyo tofauti ya barabara na bahari.

Kwa hiyo kwa njia ya Silversand mimi huandika hivi: "Siku ya bamvua, anza saa mbili asubuhi, uwe umegeuka saa nne, umetoka mchangani kabla ya saa saba. Jioni ya bamvua usiende." Basi. Mvuvi yeyote ufukweni atakusahihisha bure ukimuuliza kwa adabu, na mimi namwamini kuliko jedwali la mtandaoni lililopimwa Mombasa.

Ongeza mengine mawili: maji ya kunywa yanapatikana wapi, na mahali pa kukatisha ukichoka, pale bodaboda hukaa. Njia ya Sabaki iandike na viboko. Wapo mdomoni mwa mto, na kulipopambazuka nusu usikate kichakani kwenda kupiga picha ya ndege. Pita darajani.

Joto pia liandike. Februari na Machi, kaskazi inapovuma, kilomita 10 za hapa zinakuchosha kuliko 20 za Iganga. Mtu mgeni wa kundi akiona umetumia saa tatu atadhani wewe ni goigoi.

Hatua ya 6: Tuma

Kwanza lipe faili jina linalosema kitu. Programu hulipa jina la tarehe tu, na mwezi wa nne kundi linajaa tarehe. Mimi huandika hivi: Malindi-Silversand-bamvua-asubuhi. Kisha toa kama GPX, na kwenye WhatsApp gusa kibanio uchague hati, halafu faili. Maelezo ya hatua ya 5 yaandike chini ya faili hilohilo, yasiwe ujumbe wa pili, kwa sababu mtu akilipeleka mbele kwa mwingine, ujumbe wa pili hubaki nyuma. Na faili lisilo na maelezo ndilo lililomfikisha yule mama magotini.

Anayepokea aguse faili, simu imuulize alifungue kwa nini, achague Organic Maps. Simu ikisema haijui faili hilo, mara nyingi hajaweka programu bado, au jina limeongezwa .xml mwishoni. Ahifadhi faili hilo, afute .xml ibaki .gpx, afungue tena. Mzee wetu mmoja alishindwa na haya yote, tukampa maelezo kwa sauti: "Baba, toka mnarani, bahari iwe kushoto kwako wakati wote." Ametembea njia yote.

Hatua ya 7: Aliyeipita arudishe habari

Mstari mmoja unatosha: nimepita lini, nini kimebadilika. Kuna daraja la mbao limeng'olewa, kuna mbwa mkali, kisima kimefungwa. Mwenye faili arekebishe maelezo na kulituma upya, na la zamani lifutwe.

Kwa sasa walio na faili langu la zamani la ufukwe wa kaskazini hadi mdomo wa Sabaki, lifuteni. Mto ulipojaa ulileta ule udongo wake mwekundu na kusogeza mchanga, na pale mstari wangu unapogeukia pana maji ya kiunoni. Jipya nitalirekodi bamvua ijayo, Jumamosi. Anayetaka tuwe wawili anikute mnarani saa mbili.