Golf GTI yenye DSG: usilishikilie mlimani kwa mafuta
Golf GTI yenye DSG (giaboksi ya klachi mbili inayojibadilishia gia) ya gia 6 ikisimama mlimani kwenye foleni, kanyaga breki barabara. Usilizuie gari lisirudi nyuma kwa kugusagusa mafuta: sahani za klachi zinasuguana bila kushikana, oili inapata joto kali, na baada ya muda gari linashtuka kila likiondoka. Subiri nafasi ifunguke mbele, ndipo uondoke moja kwa moja. Kwenye gia lever, S (ya spoti) inachelewa kupandisha gia na inakula mafuta, kwa hiyo mjini tumia D (ya kawaida). Mteremko mrefu weka M (unachagua gia mwenyewe), shusha hadi gia ya 3 au 2, injini izuie gari. Oili ya DSG na filta yake, badilisha kila kilomita 60,000, hata gia zikiwa bado laini.