Usiharakishe kumwaga kopo la mbegu za airisi

Ukitaka kuotesha airisi, mmea wa maua, kwa mbegu ulizokusanya mwenyewe, subiri ganda ligeuke kahawia na kuanza kupasuka juu. Mbegu za aina nyingi za nchi za baridi haziamki bila baridi: zifukie kwenye mchanga wenye unyevunyevu, uziweke ndani ya friji miezi 2 hadi 3, kisha uzipande kina cha sentimita 1 hivi kwenye udongo usiotuamisha maji. Halafu vumilia, tafadhali! Nyingine huota mwaka wa pili, wakati wengi wameshamwaga udongo. Maua huchukua miaka 2 au 3, na mbegu za chotara kwa kawaida hazitoi rangi ya mmea mama. Kwangu hilo ndilo tamu lenyewe.