Kabla Hujafungua Boneti: Gari la Zamani Linapomisi

Gari linalomisi hujulikana kwa sauti. Enjini inayumba, usukani unatetemeka, bomba la moshi linapumua kwa vipande, na ukikanyaga mafuta gari linasitasita kabla halijashika. Maana yake ni kwamba kuna silinda haichomi mafuta yake. Basi. Hiyo haithibitishi kwamba plagi zimekufa, wala kwamba enjini inataka kufunguliwa, ingawa ukiingia gereji na sauti hiyo utaambiwa moja kati ya hayo mawili kabla hujazima. Wenye magari ya petroli ya zamani huku kusini, yale yenye distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi) na waya za plagi, sehemu kubwa ya kulitafuta tatizo mnaweza kuifanya nyumbani kwenu. Ila mjiandae kwanza. (Wa dizeli tusamehane. Dizeli haina plagi za kuchoma mafuta, na mabomba yake ya nozeli yana presha inayoweza kupenya ngozi. Muone fundi.)

Gari liwe mahali tambarare, handbreki juu, gia nyutro, jiwe kwenye tairi. Fanyia kazi nje, si ndani ya banda lililofungwa, maana sumu iliyomo kwenye moshi wa petroli haina harufu ya kukuonya. Vua msuli, vaa suruali. Najua joto la jioni ya Mtwara, lakini nguo inayoning'inia na mkanda wa feni havikai pamoja. Pete na saa ya chuma acha ndani. Miguuni vaa viatu vikavu vya soli ya mpira.

Vifaa si vingi: spana ya plagi, bisibisi, tochi, multimita ya bei rahisi, plagi moja nzima ya akiba, tambara kavu, na chupa ya kupulizia maji, ile wanayotumia vinyozi. Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, usinunue, kaazime.

Betri ipime mapema. Gari likiwa limelala usiku kucha isome karibu volti 12.6, na enjini ikizunguka iwe kama 13.5 hadi 14.5. Ikiwa chini ya hapo shughulikia chaji kwanza, vinginevyo utafukuza kivuli.

Kabla hujagusa waya hata mmoja, piga picha kwa simu, halafu zitie namba kwa plasta na kalamu. Toyota nyingi za silinda nne huchoma kwa mpangilio wa 1-3-4-2, lakini usiamini neno langu, hakikisha kwenye enjini yako. Waya mbili zikipishana, gari litakupigia mafataki kwenye kabureta, panapochanganywa petroli na hewa, na utadhani umeharibu kitu kingine kipya.

Sasa jambo ambalo watu hawalizingatii, nalo ndilo linalokula hela zao: linamisi wakati gani? Saa ngapi, baridi au moto, tambarare au kilimani, mvua au jua? Andika. Usipime gari saa ambayo tatizo halipo.

Shemeji yangu mmoja wa Mikindani ana pikapu ya kabureta anayobebea samaki alfajiri kwenda Tandahimba. Msimu mmoja wa mvua ikaanza kumisi. Alfajiri inawaka kwa kubembelezwa, ikishapewa mzigo na kuanza kupandisha upande wa Nanyamba inakohoa mpaka abiria anashika dashibodi. Ikifika saa nne, jua limeshapanda, inatembea kama kawaida. Basi akishauza samaki anaipeleka gereji mchana, fundi anakanyaga mafuta, anasikiliza, anasema, "Mbona iko vizuri, kaka?" Lakini fundi naye hawezi kukuacha uondoke hivi hivi, akashauri plagi. Zikabadilishwa. Alfajiri, yale yale. Kabureta ikaoshwa. Yale yale. Koili, inayokuza umeme wa plagi, ikaagizwa Kariakoo, ikaja na basi kilomita zaidi ya 500, ikafungwa mchana, gari likajaribiwa mchana, likasifiwa. Alfajiri likamisi. Mwisho wakafika kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya silinda na kifuniko chake. Hedi ikashushwa, pikapu ikalala gereji, wateja wa Tandahimba wakaanza kununua kwa mwingine. Iliporudi ilikuwa inamisi vilevile, na sasa inavuja oili mahali ambapo haikuwa inavuja.

Aliyemaliza kazi ni mzee jirani yake, dereva mstaafu wa malori ya korosho. Hakuomba spana. Alisema gari lilale nje, lisiguswe, na yeye aitwe baada ya isha. Alipokuja akafungua boneti, akaagiza enjini iwashwe, kisha akasema, "Zima na taa ya baraza, mwanangu." Gizani akapuliza maji kidogo, ukungu tu, juu ya kepu ya distribyuta, kile kifuniko chake cha plastiki. Palepale vicheche vya buluu vikaanza kutambaa juu ya plastiki, na enjini ikaanza kuyumba. Asubuhi walipovua kepu na kuipangusa wakaona mstari mweusi, mwembamba kama wa penseli, umetoka kwenye tundu la waya wa silinda ya tatu mpaka kwenye skrubu ya pembeni.

Sababu yake ni hii. Umeme wa plagi ni maelfu ya volti, na hupita panapopitika kirahisi. Kwenye ufa wa kepu hujengeka njia ya masizi. Huku pwani usiku unaleta unyevu, na hewa ina chumvi, na chumvi ikilowa inapitisha umeme. Alfajiri ile njia iko wazi, cheche inakimbilia kwenye bodi ya distribyuta badala ya plagi. Jua likikausha, njia inafunga. Kilimani hali ni mbaya zaidi kwa sababu ukikanyaga mafuta presha ndani ya silinda inaongezeka, plagi inahitaji volti kubwa zaidi kuruka, na umeme unachagua ufa. Ilikuja kepu mpya na roto yake, kile kipande kinachozunguka ndani, kisa kikaisha. Kupiga msasa kepu iliyokwisha kuungua hakusaidii, njia itarudi.

Kwa hiyo jaribio la giza na chupa ya kinyozi lifanye mapema, kabla ya kununua chochote. Pulizia waya pia, mmoja mmoja. Ni ukungu tu, usimwage maji, na usitie chumvi, iliyopo hewani inatosha. Mikono iwe mbali.

Kisha itafute silinda yenyewe. Zima enjini, chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye ile plagi ya akiba na uifunge igusane vizuri na chuma cha enjini. Washa, sikiliza, zima. Rudisha, nenda inayofuata. Silinda ambayo ukiikata enjini haibadiliki sauti, ndiyo iliyolala. Usichomoe waya enjini ikizunguka, hata kama umeona mafundi wakifanya, na usiuache unaning'inia wazi. Umeme ukikosa pa kutokea unarudi kuumiza koili na ignaita, kifaa kinachoiamrisha koili. Usikawie pia: petroli isiyochomwa inaingia kwenye bomba, na bomba likiwa na katalisti, kile kisafisha moshi, linapata moto mkali sana. Kama umeegesha juu ya majani makavu ya mkorosho, hamisha gari.

Ukishaijua silinda, fungua plagi yake enjini ikiwa imepoa, maana hedi ya alumini ikiwa ya moto nyuzi za tundu la plagi hung'oka. Puliza mchanga uliozunguka shimo kwanza, usiangukie ndani. Rangi ya kahawia iliyofifia ni afya. Masizi makavu meusi, mafuta yamezidi au cheche ni dhaifu. Weupe, hewa imezidi. Oili kwenye shimo la plagi kwa juu ni sili za kava ya tapeti, kifuniko cha juu ya hedi, jambo dogo. Hamisha plagi hiyo kwenda silinda nyingine: tatizo likihama nayo, umelipata. Likibaki, pima ukinzani wa waya kwa multimita. Toyota nyingi za zamani zinataka usizidi kiloomu 25.

Linamisi likiwa limesimama tu, ukikanyaga mafuta linatulia? Sikiliza mluzi wa hewa kwenye mipira midogo inayotoka kwenye manifoldi, bomba linaloingiza hewa kwenye silinda, joto huipasua. Linamisi baada ya kujaza petroli ya kwenye chupa kijijini? Toa kiasi kwenye chupa nyeupe inayoonyesha ndani, iache itulie. Maji yatakaa chini.

Umeme mzima, mafuta mazima, silinda bado imelala, basi pima kompresheni. Chomoa waya mwembamba wa koili, toa plagi zote, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata. Tofauti kati ya silinda ikizidi bar 1 kuna neno. Tia kijiko cha oili kwenye ile dhaifu urudie: ikipanda ni ringi za pistoni, isipopanda ni valvu au gasketi. Hapo ndipo neno hedi linaruhusiwa kutajwa.

Maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja, oili ikiwa na rangi ya maziwa, au moshi mweupe usiokata hata enjini ikishapata joto, usijaribu kulisukuma mpaka Masasi. Harufu kali ya petroli ukiisikia, acha kila kitu, usiwashe, tafuta panapovuja kwanza. Sigara mbali, jiko la mkaa mbali, watoto ndani. Rejeta usifungue ikiwa ya moto. Na kama una kifaa cha moyo kifuani, kazi ya waya za plagi mwachie mwingine, wewe shika tochi kwa mbali.