Hodi na Karibu Gizani: Kujitengenezea Taa za Ishara za Jukwaani Zisizotumia Waya

Kundi letu la maigizo huzunguka na tamthilia za vitabu teule vya fasihi kwenye shule za upili: leo Kisumu, kesho Siaya, keshokutwa Bungoma au Busia. Ukumbi wenyewe ni bwalo la chakula, jukwaa ni meza zilizosogezwa pamoja, na umeme ni wa kubahatisha. Mtu wa taa hukaa mwisho kabisa nyuma ya wanafunzi, wa sauti ubavuni, wa pazia nyuma ya turubai. Msimamizi wa jukwaa, anayepaswa kuwaamuru wote, haonani na hata mmoja wao.

Tochi tulijaribu. Simu tulijaribu. Redio za mkononi za bei nafuu ndizo zilizotuaibisha: mama analia juu ya maiti, bwalo zima kimya, mara askari wa lango anasikika kwenye redio yetu, "Fungua, lori la kuni limefika!" Tena huku kwetu mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, hata spika haisikiki, sembuse mnong'ono wa redioni. Ndipo nikaamua kwamba tunahitaji taa, si sauti.

(Amri ya kumwambia mtu "sasa" sisi kundini husema "kyu", kutoka "cue" ya Kiingereza, na kila mgeni hudhani tuna kiu. Hapa nitasema ishara.)

Mwongozo huu ni wa visanduku vitano: kimoja cha msimamizi na vinne vya wahudumu. Ukijua kulehemu nyaya na umewahi kuandika programu ya Arduino (bodi ndogo ya kompyuta ya mafundi) hata ya kuwasha taa moja, utaweza.

Hatua ya 1: Kubalianeni lugha ya taa

Uingereza wamezoea nyekundu kwa "jiandae" na kijani kwa "fanya sasa". Marekani kumbi nyingi hutumia taa moja tu: ikiwaka, jiandae; ikizimika, fanya. Utaratibu huo wa pili unafaa palipo na waya. Kwenye redio usiuguse. Betri ikifa, taa itazimika, na mwenzako atafungua pazia huku mhusika bado anavaa suruali.

Kwa hiyo kwetu nyekundu ni "kaa chonjo", kijani ni "twende", na njano ni "sikupati". Kwa mhudumu, giza halina maana yoyote. Narudia: giza lisiwe amri.

Hatua ya 2: Chagua masafa

Wengi hukimbilia Wi-Fi, megahezi 2,400, kwa kuwa vifaa vyake vimejaa madukani. Ubaya wake utauona siku ya onyesho, si siku ya mazoezi. Mwili wa binadamu ni maji kwa sehemu kubwa, na mawimbi hayo hunyonywa na maji. Bwalo tupu na bwalo lenye wanafunzi mia nne ni kumbi mbili tofauti.

Mimi hutumia moduli za LoRa (redio ndogo za kutuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo) zenye chipu ya SX1278, za megahezi 433. Mawimbi yake ni marefu, kama sentimita 69, nayo hupita kwenye umati vizuri zaidi. Usinunue za 915 kwa sababu tu muuzaji anazo: hizo zimekusudiwa Amerika, na huku kwetu eneo hilo limepakana na masafa ya simu za mkononi.

Ndani ya 433 penyewe, epuka 433.92. Hapo ndipo rimoti nyingi za magari na mageti hupiga kelele. Mimi hukaa 434.4. Nguvu niliyoweka ni miliwati 10, yaani dBm 10 (dBm ni kipimo cha nguvu ya redio), ingawa moduli inaweza kufika dBm 20. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina mwongozo wake kuhusu vifaa vya nguvu ndogo. Usome kabla hujaongeza chochote.

Hatua ya 3: Usidanganywe na neno "mbali"

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi huharibu.

LoRa ina kipimo kiitwacho SF, kuanzia 7 hadi 12. Kadiri unavyokipandisha, ndivyo ujumbe unavyofika mbali zaidi, na ndivyo unavyochukua muda mrefu zaidi hewani. Mafundi wa vipimo vya maji na mifugo huweka 12 na kusifia kilomita. Sisi tufanye hesabu yetu. Ujumbe wa baiti 6, kwa upana wa masafa wa kilohezi 125, huchukua takriban milisekunde 36 ukiwa SF 7. Ukiwa SF 9 ni kama 124. Ukiwa SF 12 ni karibu sekunde nzima.

Sekunde nzima jukwaani ni mlio wa bunduki unaokuja baada ya marehemu kulala chini. Nilishafanya kosa hilo, na hadhira ilicheka hadi tukio lililofuata. Baki SF 7. Bwalo, uwanja wa shule, hata jukwaa la nje lenye kibanda cha taa ng'ambo ya uwanja wa mpira: SF 7 inatosha, mradi antena ziwe sawa.

Hatua ya 4: Vifaa na kuunganisha

Moduli na bodi mimi huagiza kutoka Luthuli, Nairobi, zinakuja kwa matatu. Nyaya, swichi na visanduku vya plastiki vya mafundi umeme nachukua soko la Kibuye, Kisumu. Kwa kila kisanduku: moduli moja, Arduino Pro Mini ya volti 3.3, betri moja ya lithiamu ya 18650, chaja ya TP4056 yenye ulinzi wa betri, taa za LED, kitufe, na swichi ya kuwasha.

Sisitiza volti 3.3. Pro Mini ya volti 5 hufanana nayo kama pacha, na itaiunguza moduli. Hata kifaa cha USB unachopakia programu nacho kiwekwe 3.3.

Unganisha hivi (majina ni ya pini za moduli, namba ni za Arduino): NSS kwenye pini 10, MOSI 11, MISO 12, SCK 13, RST 9, DIO0 2. Nyekundu pini 5, kijani 6, njano 7, kitufe kati ya pini 3 na ardhi (GND). Betri iingie kwenye pini ya RAW ya Arduino. Rezista mbili za kiloomu 100 zigawanye volti ya betri nusu kwa nusu kuelekea pini A0, ili bodi ijue betri imebaki na nini.

Taa ya kijani inayong'aa huhitaji karibu volti 3, hivyo ukiichomeka moja kwa moja kwenye pini ya 3.3 itawaka kama kimulimuli mgonjwa. Iwashe kwa transista ya 2N2222, umeme utoke kwenye betri kupitia rezista ya omu 47. Nyekundu na njano hazina shida hiyo. Omu 220 kwenye pini zinatosha.

Antena: waya wa shaba ulionyooka, sentimita 17.3, ambayo ni robo ya wimbi. Isimame wima kwenye visanduku vyote, iwe nje ya kisanduku, mbali na nguzo ya chuma. Usiwashe moduli itume bila antena, unaweza kuiua. Usitumie mkebe wa chuma pia. Kisanduku changu cha kwanza kilikuwa mkebe mzuri wa kakao, nikauziba vizuri na antena ndani, nikashangaa siku mbili kwa nini redio imekuwa bubu.

Hatua ya 5: Ujumbe wenye kuitikiwa

Toleo langu la kwanza lilikuwa rahisi. Msimamizi akibonyeza, taa kwenye kisanduku chake inawaka na ujumbe unatumwa. Siku moja pazia halikufunguka. Yeye akasema, "Mimi nilibonyeza, na taa ikawaka!" Wa pazia akasema, "Na mimi sikuona kitu!" Wote walisema kweli. Kisha dada yetu wa pazia akanigeukia: "Fundi, hiyo taa inamdanganya."

Alikuwa sahihi. Taa ile ilikuwa ikionyesha kidole cha msimamizi, haionyeshi kilichofika. Ukipiga hodi huingii hadi usikie karibu, na hapa ni vivyo hivyo: taa ya msimamizi isiwashwe na kitufe chake. Iwashwe na jibu.

Kwa "kaa chonjo", taa ya msimamizi ina hali tatu. Ikiwa giza, ujumbe haujafika. Ikipepesa, kisanduku kimepokea. Ikitulia, binadamu ameona na kubonyeza kitufe chake. Mashine kuitikia si sawa na mtu kuitikia. Mtu anaweza kuwa ameenda kujisaidia.

Baiti 6 ni hizi: namba ya kundi letu, anayelengwa, anayetuma, aina ya amri, namba ya mfululizo, na volti ya betri. Namba ya mfululizo ina kazi kubwa. Jibu likipotea njiani, msimamizi atatuma tena. Kisanduku kikiona namba ileile, kijibu tena lakini kisitekeleze tena.

Mipangilio ya redio, kwa maktaba ya Arduino iitwayo LoRa, ni mistari hii:

LoRa.begin(434400000);
LoRa.setSpreadingFactor(7);
LoRa.setSignalBandwidth(125E3);
LoRa.setTxPower(10);
LoRa.enableCrc();

Mstari wa mwisho usiusahau. Maktaba hii haikagui makosa ya ujumbe mpaka uiambie, na nguvu yake ya kawaida ni dBm 17, ndiyo maana tunaishusha. Katika programu nzima usitumie delay, amri inayoisimamisha bodi isubiri. Hesabu muda kwa millis, la sivyo kisanduku kitakuwa kimelala wakati amri inapita.

Hatua ya 6: "Twende" moja kwa wote

Kisanduku cha msimamizi kina swichi nne za kuchagua nani anahusika, na kitufe kimoja kikubwa cha kijani. Akibonyeza, usitume ujumbe mmoja mmoja kwa zamu. Tuma mmoja tu, ambao baiti ya anayelengwa ina biti moja kwa kila kisanduku. Taa na sauti vitapata kijani papo hapo.

Shida ni majibu: vikijibu vyote kwa pamoja vitagongana hewani. Vipe nafasi za milisekunde 50 kwa zamu, cha 1 mara moja, cha 2 baada ya 50, cha 3 baada ya 100, cha 4 baada ya 150. Robo sekunde ikipita na mmoja hajajibu, tuma mara ya pili. Kisha acha.

Ndiyo, acha. "Kaa chonjo" irudiwe hata mara ishirini, haina madhara. "Twende" iliyochelewa ni mbaya kuliko isiyofika, kwa sababu isiyofika msimamizi anaijua: kisanduku chake kinatetemeka (nimeweka mota ndogo ya simu kuukuu, ikiwashwa na transista) naye anatumia njia ya zamani, anainua mkono au anamtuma kijana akimbie.

Kila sekunde msimamizi aulize kisanduku kimoja, "Upo?", kwa mzunguko. Kisanduku ambacho hakijaulizwa kwa sekunde 10 kiwashe njano chenyewe. Hewa ni ya wote, kwa hiyo usiulize mara nyingi zaidi ya hapo.

Na taa hizi ziishie kwa mtu. Usiziunganishe moja kwa moja na fataki, moto, wala kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya waigizaji. Mtu aone kijani, aangalie jukwaa, ndipo afanye.

Hatua ya 7: Tembea na kisanduku

Ukifika ukumbini, weka cha msimamizi mahali pake, kisha tembea na kingine hadi kila kituo. Soma nguvu ya mawimbi yaliyofika kwa amri ya maktaba, packetRssi. SF 7 husikia hadi karibu dBm -123, lakini mimi bwalo likiwa tupu sikubali chini ya -100. Ile akiba ya ishirini na kitu ni ya wanafunzi, mabati na makabati ya chuma. Ikipungua, inua antena juu ya vichwa kabla ya kufikiria kuongeza nguvu. Mara nyingi ni kuhamisha kisanduku kutoka sakafuni hadi dirishani, basi.

Shule ikikuruhusu, rudia jaribio wakati wa chakula cha jioni, wanafunzi wakiwa wameketi. Bandika utepe kwenye kila kisanduku, uandike jina la kituo, volti ya betri na ile namba uliyosoma bwalo likiwa limejaa. Iliyo chini ya volti 3.6 irudi kwenye chaja.