Mkazo wa maneno marefu ya Kiingereza: hesabu kutoka mwisho

Kiswahili karibu siku zote hukaza silabi ya pili kutoka mwisho: ki-TA-bu, na ukiongeza -ni mkazo unasogea, ki-ta-BU-ni. Ulimi uliozoea hivyo huenda na mazoea yake hadi kwenye Kiingereza. Pengine hubahatika, pengine huharibu.

Gawa neno kwa sikio, si kwa macho. Kila sauti ya irabu ni silabi moja, na e ya mwisho kwa kawaida haitamkwi. *Communicate* basi ina silabi 4: com-mu-ni-cate. Usichomeke irabu kati ya konsonanti: *strict* ni silabi 1 tu, ukisema "sitirikiti" umeifanya 5.

Sasa tazama mwisho wa neno. Likiishia -tion, -sion au -ic, kaza silabi inayotangulia mwisho huo: in-for-MA-tion, e-co-NO-mic. Hapo mazoea ya Kiswahili yanakubeba bure, ila jihadhari na wakaidi kama PO-li-tics na A-ra-bic.

Mtego wenyewe uko kwenye -ity, -logy, -graphy, -cracy na -ical, pamoja na vitenzi virefu vya -ate. Hapa mkazo unarudi hadi silabi ya tatu kutoka mwisho: e-lec-TRI-ci-ty, bi-O-lo-gy, po-LI-ti-cal, com-MU-ni-cate. Ndiyo maana "demo-KRA-si" husikika sana. Sahihi ni de-MO-cra-cy. Miisho -eer na -ese hujikaza yenyewe: en-gi-NEER, Ja-pa-NESE.

Linganisha ndugu hawa watatu: PHO-to-graph, pho-TO-gra-phy, pho-to-GRA-phic. Shina ni lilelile, mkazo unahama, na irabu zinabadilika nao. Katika *photography* o ya kwanza humezwa, haibaki o kamili. Hili ndilo linalotushinda zaidi, maana Kiswahili huipa kila irabu haki yake. Ukizitamka zote kwa ukamilifu, hata mkazo ulioweka mahali pake hausikiki. Irefushe silabi yenye mkazo, ipandishe sauti, nyingine zipite haraka.

Kwa mazoezi, anzia kwenye mkazo ndipo uongeze: TO, TO-gra-phy, pho-TO-gra-phy.

Ukikwama, fungua kamusi. Katika maandishi ya matamshi, kistari kidogo cha juu (ˈ) huwekwa kabla ya silabi yenye mkazo. Wengi hukisoma kana kwamba kinakaza silabi iliyopita. Cha chini (ˌ) ni mkazo hafifu, kama ule wa *in* katika *information*.